Si Uko Nyumbani Tu

Kuna sentensi moja ambayo mtu akinitamkia, damu inanichemka hata kama nilikuwa nacheka: "Si uko nyumbani tu?"

Anaitamka jirani anayetaka nimwangalizie mahindi aliyoanika wakati yeye anakwenda sokoni. Wanaitamka akina mama wa kikundi chetu wanapogawana kazi za msiba, na mimi napewa kuchambua maharage tangu asubuhi, maana wenzangu wana maduka na vibanda. Na wateja wangu nao wanaitamka, ila wao wana maana yao. Kwao, kuwa nyumbani ni kuwa tayari. Kwa hiyo mbele ya majirani mimi sifanyi kazi kabisa, na mbele ya wateja sina ruhusa ya kupumzika, na pande zote mbili ushahidi wao ni ule ule: wakichungulia wananikuta sebuleni kwangu nimejifunga kitenge.

Mimi ni mkalimani wa simu. Sikuisomea kazi hii. Nilizaliwa Tunduma, nikapelekwa Nakonde kulelewa na mama mdogo, upande wa pili wa mpaka, nikasoma huko. Kinamwanga ni cha nyumbani, Kibemba na Kiingereza nilivipata kule, na Kiswahili ndicho hiki. Mpakani mtu mwenye lugha hizo zote hakosi kuitwa. Mfanyabiashara wa Tunduma ana mchele, mnunuzi wa Zambia anautaka, na kila mmoja anajua maneno ya mwenzake ya kutosha kusalimiana na kutukanana, lakini hayatoshi kufunga biashara. Basi wananipigia, wananiweka spika, simu inalazwa juu ya gunia, na mimi nakuwa mdomo wa pande zote mbili. Mnunuzi akisema huyu baba ni mwizi, mimi namwambia baba kwamba mama anaomba umfikirie kidogo. Nimeokoa biashara nyingi kwa uongo wa namna hiyo. Hakuna aliyenishukuru, maana hawajui.

Sina bosi, na watu wananionea wivu kwa hilo. Wanasema unajipangia muda mwenyewe. Ningependa kumwona huyo anayejipangia muda Tunduma. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Mfanyabiashara wa kwetu ananianza asubuhi kwa saa ya kwetu, na mnunuzi wa kule ananimaliza jioni kwa saa ya kule. Nikimwambia yule wa Nakonde kwamba nimefunga, ananijibu kwa mshangao wa kweli kabisa, "Awe, bamayo, kwetu bado mapema!" Yaani hapana, mama. Ofisi za huku zinafungwa kwa saa ya huku, za kule zinafungwa kwa saa ya kule, na katikati hapo kuna saa nzima isiyo ya mtu yeyote. Hiyo ndiyo wanayoniwekea mimi, juu ya siku yangu.

Mteja wangu mkubwa ni mama mmoja wa Nakonde, mnunuzi wa mchele, mwenye sauti nzito na moyo mzuri. Nasema moyo mzuri nikiwa bado nimemkasirikia. Ndiye aliyenijaribu zaidi nilipoamua kuwa Jumapili sifanyi kazi. Niliandika tangazo kwenye simu, likawafikia wateja wote: Jumapili nipo na familia, tuonane Jumatatu. Mmoja akaniuliza kama naumwa. Mwingine akaniombea baraka kwa ajili ya familia yangu, kisha akapiga. Na yule mama akasema, "Sawa, bamayo, umefanya vizuri kupumzika, mwili si chuma. Ila hii ni ndogo tu." Yote huwa ni madogo. Hakuna aliyewahi kunipigia akasema dada, hili ni kubwa, naomba siku yako nzima. Wanakuja na vidogo vidogo, na hivyo vidogo ndivyo vilivyozila Jumapili zangu mpaka zikaisha.

Nina mtoto mmoja, binti, wakati huo yuko darasa la kwanza. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo hadi Kongo. Anaondoka, na wiki zinapita. Akirudi, nyumba yote inajua baba karudi. Maji ya moto, kuku, pole na safari. Mtoto anaambiwa asipige kelele, baba kachoka. Simwonei kijicho, kazi yake ni ngumu na barabara zile nazijua. Lakini sijawahi kumsikia mtu akimuuliza lini mambo yake yatakaa sawa ili apate muda wa mtoto wake.

Mimi niliulizwa.

Ilianza mama mkwe alipokuja kutoka Iyula kukaa nasi wiki moja, baada ya kumaliza mavuno ya kahawa. Alikaa, akapika, akamsuka mjukuu wake nywele, akaondoka bila kusema neno baya. Haukupita muda, mume wangu akanipigia akiwa kwenye foleni ya malori upande wa Nakonde, akingoja kuvuka.

"Jumapili kuna kikao nyumbani Iyula," akasema. "Baba mkubwa ameita. Wanataka kuzungumza kuhusu mtoto."

"Kuzungumza nini?"

"Akae na mama kidogo kule."

"Kidogo hadi lini?"

"Hadi mambo yako yakae sawa."

Mambo yangu! Nilimwambia mambo yangu ndiyo sare ya shule ya mwanao, ndiyo paa ulilolikuta halivuji uliporudi mara ya mwisho. Akasema mimi sijasema, wamesema wazee. Baba mkubwa ni kaka wa marehemu baba mkwe, na tangu baba mkwe afariki yeye ndiye anayeamua mambo ya ukoo. Akiita, unakwenda.

Na mimi najua maana ya kulelewa kwa ndugu. Mama mdogo alinipenda, sitamsingizia. Nilishiba, nilivaa, nilisoma. Lakini mama yangu aligeuka mgeni anayekuja na mkate na soda, na nikimwona mlangoni nilikuwa namwamkia kama ninavyowaamkia wageni wengine, kisha nasimama pembeni nikingoja kutumwa. Hadi anafariki hatukupata kuzoeana. Kwa hiyo watu waliponiambia "kidogo," mimi nilisikia kwamba nanyang'anywa mtoto, na kwamba nitapewa ruhusa ya kumtembelea.

Jumapili ile niliapa hakuna atakayenikuta na kosa. Niliamka mapema, nikamvalisha mtoto gauni lake la kanisani, na simu nikaizima kabisa. Sikuiweka mtetemo. Niliizima, nikaitumbukiza chini ya mkoba, chini ya nguo za mtoto. Mume wangu alivuka mpaka kwa miguu asubuhi hiyo, lori kaliacha kwenye foleni na utingo wake. Akaoga, akala, akajinyoosha kwenye kochi.

"Tutachelewa," nikamwambia.

Akaitoa simu yake, akaitazama. "Tulia, mama. Bado tuna saa nzima."

Nikatulia. Simu yangu imezimwa, saa ya ukutani ilikwisha betri tangu zamani, na huyu ni mume wangu anayesoma saa mbele ya macho yangu. Nikapiga pasi tena gauni lililokwisha kupigwa pasi. Mtoto akaniomba nimsimulie hadithi, nikamwambia tukifika.

Mtu wa Tunduma ameshajua ninaelekea wapi. Ni kosa letu sisi watu wa mpakani, wengine hawalijui: mtu amevuka geti, kiatu kiko Tanzania, lakini simu bado inasoma saa ya Zambia. Watu wamekosa mabasi kwa ajili hiyo, wamekosa mazishi, na bwana harusi mmoja alikuta wageni wameshaketi wamechoka kuimba. Mimi niligundua tukiwa tayari kwenye gari, redio ya dereva ilipotangaza saa kabla ya taarifa ya habari. Nikamgeukia mume wangu. Akaitazama simu yake, akaitazama tena.

"Ah," akasema. "Nilisahau kubadili." Kisha akacheka kidogo.

Kwa sababu ya mtoto nikageukia dirishani. Tuliposhuka barabara kuu tukachukua bodaboda mbili, tukapanda kuelekea Iyula. Vumbi jekundu likalipaka lile gauni nililolipiga pasi mara mbili.

Nyumba ya wakwe zangu iko bondeni, chini ya mashamba ya kahawa. Tulikuta wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wanawake mkekani, na vikombe vya chai vitupu. Niliona mara moja kwamba kikao kimekwisha. Watu waliokwisha kuamua jambo wanakaa tofauti, wamelegea, wanatazama nje. Na ukoo ule una utaratibu wake: aliyechelewa kikao analishwa kwanza. Huulizi kitu, huambiwi kitu, mpaka ule na unawe mikono. Nadhani waliuweka kwa wema, ili mtu aliyetoka mbali asipewe habari nzito akiwa na njaa. Siku ile niliuona ni ukatili. Nilimega ugali, nikauchovya kwenye mchuzi wa kuku, nikawa nautafuna tu haushuki, na watu zaidi ya kumi wananitazama nikila huku wakijua wameamua mwanangu apelekwe wapi. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshakimbilia nje, kwenye vifaranga.

Niliponawa, baba mkubwa akakohoa.

"Mkwe, tulikusubiri sana," akasema. "Mwisho tukasema labda bado yuko kwenye simu."

Mkekani wakacheka. Nikamtazama mume wangu. Ilikuwa sentensi moja tu niliyoingoja kutoka kwake, fupi, isiyohitaji hata kusimama. Yeye alikuwa anachokonoa mfupa wa kuku. Alikuwa na mengi ya kufanya na mfupa ule.

Nimewatafsiria watu maneno mabaya yakawa mazuri kwa miaka. Hapo sikuona sababu ya kuendelea.

"Baba mkubwa, naomba ruhusa niseme," nikasema. Nikauinua mkoba, nikatoa nguo za mtoto, nikaitoa simu, nikaiweka chini mbele ya miguu yake. "Simu yangu imezimwa tangu asubuhi. Iwasheni muone. Tumechelewa kwa sababu saa ya mwanenu bado iko Zambia."

Wakacheka tena, safari hii kwa nguvu, hata wanaume, na mmoja akampiga mume wangu begani akamwambia hodari wa kupoteza saa. Hilo lilinichoma kuliko lile la kwanza. Kosa lake ni kichekesho. La kwangu limeitiwa kikao.

"Huyu akikaa wiki tatu barabarani," nikaendelea, "anaitwa baba anayehangaikia familia. Mimi ndiye ninayemwamsha mtoto, ndiye ninayemlaza, nina kazi kama yeye ana kazi, naitwa mama asiyekuwepo. Nani hapa amemwambia yeye achague kati ya lori na mtoto?"

"Mwanamume kazi yake iko barabarani," baba mkubwa akasema, kwa upole kabisa, kama anamweleza mtoto kwa nini usiku kuna giza. "Wewe mama, si uko nyumbani tu?"

Nilifungua mdomo, nikakosa lugha. Mimi, mwenye lugha zote zile.

"Tusigombane," akasema. "Mtoto ana akili. Tumuulize mwenyewe."

Hadi leo nasema haikuwa haki. Mtoto mdogo namna ile hasimamishwi katikati ya watu wazima akaulizwa anamtaka nani. Nilitaka kukataa, lakini ameshaitwa, ameshaingia, magoti yana udongo, anatafuta pa kuweka mikono.

"Mjukuu wangu," baba mkubwa akamwambia, "unataka kukaa wapi? Huku kwa bibi, au Tunduma kwa mama?"

Akamtazama bibi yake. Akanitazama mimi, akatabasamu.

"Huku," akasema.

Kwa jinsi alivyokuwa amefurahi, nilielewa kwamba hakujua amejibu nini. Alidhani ananipa zawadi.

"Kwa nini huku?" baba mkubwa akamuuliza.

"Huku simu haishiki. Mama akija huku anaongea na mimi."

Hakuna aliyecheka. Ni kweli kule bondeni mtandao haufiki, mpaka upande juu karibu na kanisa. Sikuwahi kufikiri kwamba yeye anajua hilo, wala kwamba anazihesabu safari zetu za Iyula kwa sababu hiyo. Bado nilikuwa na hasira, tena nyingi, lakini sikujua tena niitupe upande gani.

"Mmesikia," baba mkubwa akasema, akaweka fimbo yake sawa kama mtu anayetaka kuinuka.

"Mimi nimesikia," mama mkwe akasema kutoka mkekani. Hakuwa amesema neno tangu tufike. "Wewe, shemeji, hujasikia. Mtoto hajasema ananitaka mimi. Anamtaka mama yake. Amemkosa kule, anadhani huku ndiko anakopatikana. Mkinipa mtoto huyu, mama yake atabaki Tunduma na simu yake, na mimi nitabaki na mtoto anayetazama njia kila siku. Mimi simtaki kwa namna hiyo."

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeleta maneno haya," baba mkubwa akasema.

"Niliyaleta. Sasa nayaondoa." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe, ulimwacha mwenzio anachekwa kwa kosa lako, umekaa na mfupa. Ulikuwa unatafuta nini humo?" Kisha akanigeukia mimi, na sauti ikashuka. "Na wewe, mwanangu. Nilikaa kwako wiki nzima. Kila nikifungua mdomo unaniinulia kidole, nisubiri. Mimi ni mtu mzima, nilisubiri, nikarudi kwangu. Huyu hana kwao kwingine kwa kurudi."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na majibu: ada, chakula, ile saa ya Zambia, yule mama wa mchele na vidogo vyake. Yote yalikuwa kweli na yote nilikuwa nimeshayasema. Nikaiokota simu yangu pale chini, nikairudisha kwenye mkoba.

Tulirudi na mtoto. Baba mkubwa hakufurahi, alisema tutaona, na wanawake wakatufungia parachichi na viazi vya kwenda navyo kana kwamba hakuna lililotokea. Tukapanda kilima, mume wangu mbele na mzigo, mimi nyuma nimemshika mtoto mkono. Njiani nikamsimulia ile hadithi. Alikuwa anauliza maswali kila baada ya hatua, kwa nini fisi hakuogopa, kwa nini mvua ilinyesha, na mimi nilikuwa najibu, na nilianza kujisikia nafuu. Nilijiambia nimeshinda.

Karibu na kanisa mume wangu akasema simu yake imekwisha chaji, niwashe yangu tuwaite wale wa bodaboda. Nikaiwasha. Ikaanza kutetemeka, ujumbe juu ya ujumbe, siku nzima ya watu ikamwagika kwa pamoja. Kabla sijatafuta namba ya bodaboda, ikaita. Yule mama wa Nakonde.

Mtoto akauachia mkono wangu.

Hakuutupa, wala hakununa. Aliuachia taratibu, akasogea pembeni ya njia, akaweka mikono nyuma, akasimama wima, anatazama kahawa. Alikata swali lake katikati. Sijawahi kumwambia afanye hivyo. Hakuna aliyemfundisha, au tuseme wamemfundisha wote, kila aliyepiga akasema ni ndogo tu, na kila aliyesema niko nyumbani tu. Alisimama kama watu wanavyosimama nje ya ofisi ya mkubwa.

Niliijua namna ile ya kusimama, tangu siku za mkate na soda.

"Pokea tu," mume wangu akasema. "Wasije wakalalamika."

Nikamtia simu mkononi ikiwa bado inaita.

"Pokea wewe. Kibemba cha barabarani unakijua. Mwambie bamayo nipo kazini."

Nikamwacha anahangaika na salamu. Nikamwendea mtoto pale aliposimama, nikauchukua mkono wake, nikamwambia aendelee, alikuwa anauliza nini kuhusu fisi. Akanitazama, kisha akaitazama simu kwa baba yake. Mkono wake ulikuwa ndani ya wangu lakini haukunishika. Ulikaa tu pale, ukingoja nimalize.